Shogi la Pikipiki

Zipu ilifunguliwa, ikafungwa. Ikafunguliwa tena, polepole, kama mtu anayeibembeleza isipige kelele, na kwa polepole hiyo ikazidi kusikika. Nyumba ya Tuda ilikuwa imeamshwa na mengi kabla ya alfajiri: mbuzi, watoto wachanga, theluji inayoporomoka kutoka paani. Kwa zipu, bado. Alilala akitega sikio mpaka akaitambua, kisha akajitanda shali yake ya sufu na kutoka uani miguu mitupu.

Izza, mjukuu wake, alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki, simu yenye taa ameibana kwa meno.

"Unatoroka au unaiba?" Tuda akauliza.

Simu ikaanguka. "Bibi! Umenishtua."

"Mwizi ndiye hushtuka. Mwenye safari yake halali humwamsha bibi amchemshie chai."

"Siendi popote. Najaribu mifuko tu. Nimeinunua jana sokoni."

Pikipiki ilikuwa nyekundu, kuukuu lakini yenye afya. Izza aliinunua kwa mpima ardhi mmoja wa mji wa Rish aliyekuwa anastaafu. Pande zote mbili za injini ilikuwa na vyuma vilivyopindwa kama pembe za kondoo dume, vya kuikinga isipondeke ikianguka. Kwenye vyuma hivyo Izza alikuwa amening'iniza mifuko miwili myeusi, minene kama mito ya kulalia. Tuda alishika mmoja akauvuta. Ukamfuata mkono kama mtoto anayetaka kubebwa.

"Huyu aliyeshona," akasema, "alikuwa na haraka ya kwenda arusini."

Izza akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Alikuwa akimtazama bibi yake kama alivyomtazama kwa wiki tatu sasa, akingoja neno.

Kijiji kizima cha Ayt Uzru kilijua ni neno gani. Malisho ya juu, ng'ambo ya mlima Ifar, hufungwa tangu baridi inapoanza kulegea; hakuna anayeingiza hata mwanakondoo mpaka siku waliyokubaliana wote. Mwaka huu siku hiyo ilikuwa Jumamosi, siku kumi na mbili mbele. Wafugaji wangepanda na mahema yao, na safari hii kungekuwa na hema moja la shule, na mwalimu wake angekuwa Izza. Walimu wawili waliomtangulia walikaa wiki chache wakashuka, hawakurudi. Chama kilichotoa hema kilisema waziwazi: mwalimu asipoonekana siku malisho yanapofunguliwa, hema litapelekwa kwingine, na watoto kumi na tisa watakaa mwaka mwingine bila kujua kuandika majina yao.

Baba yake Izza alifariki binti akiwa na miaka sita. Aliyemlea ni Haddu, baba yake mdogo, mwana wa mwisho wa Tuda, mtu wa maneno machache na matofaa mengi. Haddu hakukataa. Alisema tu, "Mama akisema nenda, ataenda. Mama akinyamaza, pikipiki itauzwa." Na Tuda alikuwa amenyamaza. Aliifahamu njia ya Ifar. Aliwahi kuona nyumbu wa mizigo akiteleza kule na kushuka bondeni na unga wote, na ule mlio wake ulikuwa bado masikioni mwake.

Lakini kunyamaza ni kitu kimoja, na kumwacha mjukuu aende na mifuko ya kipuuzi ni kitu kingine.

"Itoe hiyo," akasema. "Nitakushonea mimi."

Kwa miaka arobaini Tuda alikuwa akishona mashogi, ile mifuko ya pande mbili anayovishwa nyumbu mgongoni, ya singa za mbuzi, mizito, isiyopenya mvua. Watu walivuka mabonde mawili kuja kumwagizia. Basi alifanya anavyojua. Alifuma, akashona, akaunganisha pande mbili kwa mshipi mpana wa kupita juu ya tangi, na akauacha mshipi ulegee kidogo, kwa sababu kila mwenye nyumbu anajua kwamba mzigo uliobanwa humchubua mnyama. Mzigo uachwe upumue. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mama yake na mama yake.

Siku ya tatu Izza alipakia vitu vyake ili ajaribu kwenda hadi kivukoni na kurudi. Upande wa kushoto alitia bisibisi na spana zake, upande wa kulia koti la mvua. Tuda akatazama shogi lililopinda upande. Wakati Izza anavaa helmeti, aliokota jiwe laini, ukubwa wa mkate mdogo, akasema bismillahi na kulitia upande mwepesi. Alilitia kwa upendo, kama mtu anavyomtilia msafiri kipande cha mkate mfukoni. Katika milima ile hakuna anayefikiri mara mbili: upande mmoja ukipungua, tia jiwe.

Baada ya sala ya adhuhuri gari la Basu, fundi wa pikipiki, likaingia uani likinguruma, na pikipiki nyekundu imelazwa nyuma. Izza alishuka akichechemea. Suruali ilikuwa imechanika gotini.

"Sijambo, sijambo," akasema kabla hajaulizwa. "Nimezembea kwenye kona yenye kokoto. Kosa langu."

Haddu alifika kutoka shambani, mkasi wa kukatia matawi bado mkononi. Akalizunguka gari, akaona kanyagio la breki limepinda, mfuniko wa injini umebonyea, singa za mbuzi zimeungua na zinanuka kama kichwa cha kondoo kilichobabuliwa. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali apaze.

"Mama," akasema, "huhitaji tena kusema kitu. Nitampigia yule mnunuzi wa mjini Midelt leo jioni."

Haddu alipokuwa amegeuka, Basu alimsogelea Tuda na kumwekea mapajani kitu kilichofungwa kwa kitambaa chenye mafuta. "Kitambaa chako, mama, ulikisahau kwangu," akasema, na akaenda kunawa.

Tuda hakuwa amesahau kitambaa chochote. Alihisi uzito, akajua. Akamtazama Izza, na Izza akageuza uso haraka, akajifanya anatafuta paka.

Wote wawili walikuwa wanajua. Fundi alikuwa ameliokota jiwe barabarani na kulificha ili mwana asimwone mama yake mjinga, na mtoto mwenye goti linalovuja damu alikuwa amelibeba kosa lisilo lake. Wema wa watu hao wawili ulimlemea Tuda kuliko jiwe lenyewe. Alikaa nalo mapajani, akasikia Haddu jikoni akiuliza namba ya mnunuzi iko wapi.

"Haddu. Mwanangu. Njoo ukae."

"Nakuja, mama."

"Sasa."

Akaja, akakaa. Tuda alifungua kitambaa.

"Izza hakuzembea," akasema. "Nilitia hili mimi. Upande wa kulia ulikuwa mwepesi."

Haddu alilitazama jiwe. Akamtazama mama yake. "Mama. Umetia jiwe. Kwenye pikipiki."

"Ndiyo."

Akajifunika uso kwa viganja, na mabega yakaanza kutikisika. Tuda alidhani analia. Kisha akasikia. Mwanawe alikuwa anacheka, cheko ambalo hakuwa amelisikia tangu kaka yake azikwe.

"Na shayiri je?" Haddu akasema akifuta machozi. "Uliipa na shayiri kidogo kabla ya safari? Uliitazama kwato?"

"Cheka tu. Nastahili."

Kisha akalichukua jiwe, akalipima mkononi. "Angevunjika mguu, mama."

"Najua. Ndiyo maana nimekuita. Ukiiuza, uiuze kwa sababu ya njia, au kwa sababu ya mvua, au kwa sababu mimi nimesema hapana. Usiiuze kwa sababu ya uongo wa mtoto anayenifichia aibu."

"Kwa hiyo unasema hapana?"

"Sijasema. Zimebaki siku tisa. Niache kwanza nimfahamu huyu mnyama."

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Basu na sindano yake nene ya shazia, uzi na shubiri yake, maana Tuda hakuwahi kupima urefu kwa kitu kingine zaidi ya mkono. Basu alikuwa amekwisha kulinyoosha kanyagio. Alimletea kiti, akaondoa mafuta yaliyokuwa juu yake kwa mkono wa shati lake, kisha akaenda kuazima glasi safi ya chai kwa jirani, kwa sababu za kwake zote zilikuwa na misumari ndani.

"Haya, mwanangu," Tuda akasema, "nionyeshe anaumia wapi. Nyumbu huchubuka begani na kiunoni. Huyu je?"

Basu alikuna kichwa. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. "Mama, nyumbu mzigo ukicheza, anajipanga mwenyewe. Akiona shimo anakwepa. Huyu hana macho wala akili. Mzigo ukicheza, usukani unacheza, na mwenye usukani anacheza naye. Lile jiwe lilikuwa linabembea. Kwenye kona likaja nyuma, mfuko ukakaa juu ya breki kama mtu amekanyaga. Gurudumu likaganda. Basi."

"Kwa hiyo huyu anataka kubanwa."

"Abanwe mpaka aombe msamaha."

Alimwonyesha kimoja kimoja, na Tuda akatia alama kwa chaki. Hapa usukani hugeuka, akaugeuza mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia: chochote kikigusa hapo, mtu hukosa kona. Hapa mapezi ya injini yanapopokea upepo. Ukiyafunika, injini inachemka. Hapa mguu wa breki, hapa mguu wa gia. Hapa taa za kuonyesha unakata wapi. Tuda alilowesha vidole kwenye chai akarusha matone kwenye bomba la moshi, injini ikiwa inanguruma. Matone yakacheza, yakatoweka.

"Hapa mkate unaiva," akasema. "Mfuko ukae mbali vidole vinne, siyo pungufu."

Izza alikuja na ile mifuko myeusi ya sokoni, kwa sababu alikuwa bado anaipenda kidogo. Waliifunga wakamkalisha. Magoti yakapanuka kama ya mtu aliyepanda pipa. Alipojaribu kushusha mguu chini, kisigino kilinasa.

"Dada yangu," Basu akasema, "umenunua mifuko au umezaa mapacha?"

"Nina vitu vingi, kaka Basu! Ninahamia mlimani."

"Vitu vingi vikae nyuma, juu ya kiti na kwenye sanduku. Mbele ni pa vitu vidogo vya njiani. Hii mifuko ikijaa, siku utakayoanguka mguu wako hautakuwa na pa kutokea."

Izza mwenyewe akafungua bizimu na kuishusha mifuko.

Basu alitoa turubai la lori la zamani, likiwa bado imara, na akakataa katakata kusikia habari ya bei. "Lilikuwa linalaliwa na kuku," akasema. "Kuku watanisamehe." Tuda akakata mifuko miwili midogo, shubiri moja na vidole vitatu kwenda juu, shubiri moja kwenda mbele. Upande unaolalia chuma aliufungia mpira wa tyubu, ili usisuguliwe ukatoboka na usiteleze. Mdomo aliukunja mara tatu kabla ya kuufunga, mvua isipate mlango. Mikanda ilikuwa mitatu kwa kila mfuko: miwili ya kushika chuma cha juu, na mmoja wa chini wa kuuvuta nyuma, usiinuke wala usibembee. Ncha za mikanda alizitengenezea vijumba vya kuingia, kwa sababu ncha inayoning'inia siku moja itatafuta gurudumu.

Ilikuwa kazi ndogo kwa macho na ngumu kwa mkono. Mkono wa Tuda ulikuwa na miaka arobaini ya kuacha nafasi. Kila alipofika kwenye mkanda, ulilegeza wenyewe. Mara tatu alifumua. Izza, akiandaa herufi za kufundishia chini ya dirisha, alimsikia bibi akigombana: "Nimesema kaza. Wewe mkono, umezeeka ukawa kiziwi?"

"Unazungumza na nani, bibi?"

"Na mwanafunzi wangu. Wewe utakuwa nao kumi na tisa. Huyu mmoja tu ameshanishinda."

Ubishi mkubwa ulikuja wakati wa kupakia. Izza alitaka spana mbele, na kichupa cha petroli ya akiba upande wa pili, vilingane.

"Petroli karibu na ekzosi?" Basu akasema. "Unakwenda kufundisha mahema au kuyachoma?"

"Spana basi."

Tuda alichukua spana kubwa, akamgonga nayo gotini, upole tu, kwenye lile goti lenye kidonda.

"Aii! Bibi!"

"Kitu ambacho hutaki kikugonge goti kisikae karibu na goti. Ukianguka, mfuko huu ndio unaofika chini wa kwanza. Tia humo kinachokubali kuangukiwa."

Ndipo likaingia koti la mvua upande mmoja, na upande wa pili glovu za sufu, kitambaa cha kufutia, na sweta. Spana na bisibisi zilikwenda nyuma, chini ya sanduku, zimeviringwa kwa blanketi. Tuda alileta mizani ya mkono aliyopimia sufu, akaning'iniza mfuko huku na mfuko huku. Kulia kulikuwa kuzito kidogo. Mkono wake ulishuka kuelekea ardhini, kwenye mawe, kwa mazoea. Akausimamisha. Akatoa kitambaa upande mzito akakipeleka mwepesi. Mizani ikatulia.

"Hamisha," akajiambia kwa sauti. "Au punguza. Usiongeze."

Siku mbili kabla ya Jumamosi, Basu alisema mifuko ijaribiwe kweli, siyo kwa maneno. Walitandika nyasi kavu uani, wakaizima injini, wakaishika watatu, wakailaza pikipiki polepole kwa ubavu. Majirani walikuwa wamejaa juu ya mapaa kama njiwa.

"Tuda!" mmoja akapiga kelele. "Mnaichinja? Basi ielekezeni kibla!"

"Na ngozi mniwekee mimi!" akasema mwingine.

Tuda alipiga magoti akaweka kichwa kwenye nyasi. Vyuma vilikuwa vimebeba uzito, kama inavyopasa. Mifuko haikuumbwa kuibeba pikipiki. Mfuko ulikuwa umebonyea kidogo juu ya sweta, mikanda haikusogea, na kati ya injini na ardhi kulikuwa na nafasi ya mguu. Aliuingiza mkono wake, akautoa. Akauingiza tena.

"Mwinue," akamwambia Izza. "Peke yako."

Izza akaipa mgongo, akakalia ubavu wa kiti, akashika usukani, akasukuma kwa miguu. Pikipiki ikanyanyuka ikiguna. Huko juu mapaani wanawake wakapiga vigelegele, hata yule aliyetaka ngozi.

Jumamosi ilipofika, kabla jua halijatoka, Tuda alimwona Haddu anapita na vidole vyeusi. Hakusema alikuwa wapi. Lakini mnyororo wa pikipiki uling'aa kwa grisi mpya.

Izza alisimama mbele ya bibi yake, helmeti chini ya kwapa. "Bibi, bado hujasema."

"Bado sijaona."

"Ukiona, saa hizo nitakuwa nimeshafika."

"Basi nitakuona ukifika. Basu anapeleka unga. Nitakaa naye mbele. Ukinifanya nifumbe macho hata mara moja, tunageuza wote wawili."

Izza akavaa helmeti.

Njia ya Ifar hupanda kama mtu aliyekasirika, bila kupumzika. Gari la Basu lilifuata nyuma, kwa umbali ambao vumbi la pikipiki lilikuwa limekwisha kutua. Tuda alishika mlango kwa mikono miwili, macho kwenye mifuko ile miwili midogo ya rangi ya majani. Kona ya kwanza. Kona ya pili. Kwenye kona ya tatu, pale kokoto zinapomwagika, Izza alipunguza mwendo kabla ya kona, siyo ndani yake, na mifuko ikalala pamoja na pikipiki, ikainuka pamoja nayo, kama masikio kwenye kichwa.

Walipomaliza mwinuko wa kwanza, pikipiki ikasimama pembeni.

"Imeharibika," Basu akasema, akaanza kufungua mlango.

"Subiri," Tuda akasema.

Izza alishuka. Hakujua kama anatazamwa, au alijua na hakujali. Alishika kila mkanda kwa kidole, mmoja baada ya mwingine. Mkanda wa chini wa kulia aliuvuta tundu moja. Akairudisha ncha ndani ya kijumba chake. Akageuza usukani mpaka mwisho huku, mpaka mwisho huku. Akapanda, akaondoka.

"Nani kamwambia afanye hivyo?" Tuda akauliza.

"Siyo mimi," Basu akasema.

Hata Tuda hakuwa amemwambia. Wakafika kwenye kijito cha maji ya theluji. Izza alivuka taratibu, maji yakiruka hadi magotini, na ng'ambo akasimama tena, akashika mikanda tena.

Karibu na kilele, kundi la mbuzi likatokea nyuma ya mwamba, mamia, wakielekea malishoni kama kila mtu siku ile. Basu aliguna. Izza alikuwa katikati ya kokoto, upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde. Pikipiki ikayumba. Tuda hakufumba macho. Aliuona mguu wa mtoto ukishuka, ukiwa huru, haunasi popote, ukapata ardhi na kusimama. Mbuzi wakampita kushoto na kulia kama maji yanavyolipita jiwe la mtoni. Mmoja akasimama kunusa mfuko, akaona hauliki, akaendelea na safari yake. Izza alisimama hapo, miguu yote miwili chini, mpaka wa mwisho alipopita. Kisha akageuka kutazama gari, akainua kidole gumba.

"Simama, nishuke," Tuda akasema.

"Mama, hapa ni kilele, upepo utakuangusha."

"Simamisha gari, Basu."

Alitembea hadi kwa mjukuu wake, shali ikipepea. Upepo kweli ulikuwa mkali. Alikishika chuma cha kinga, akaushika mfuko, akautikisa. Haukusogea. Akaligusa lile goti lenye kovu jipya.

"Nenda," akasema.

"Niende wapi? Tuko pamoja, si tunakwenda?"

"Tangulia. Usitungoje, gari la unga ni zito. Watoto wanakusubiri, na hao watu wa chama watatazama saa."

Izza alimtazama kutoka ndani ya helmeti, na polepole uso wake ukafunguka. "Bibi. Hilo ndilo neno?"

"Ulitaka ngapi? Na ukifika usiruke kushuka kama mbuzi. Wewe ni mwalimu sasa."

Alisimama kileleni akiitazama pikipiki nyekundu ikishuka upande wa pili, kona kwa kona, ikisimama mara moja na kuendelea, mpaka ikawa kama mdudu kwenye blanketi. Alihesabu mahema meusi kule chini, na moja jeupe kati yao. Basu alikuja akasimama naye upande ule upepo unakotoka, akamkinga.

Walipofika na unga, shule ilikuwa imekwisha kuanza kwa namna yake. Watoto walikuwa wameizunguka pikipiki, na Izza akiwaonyesha herufi ya kwanza ya majina yao kwa chaki juu ya tangi. Mtu wa chama alikuwa ameshapiga picha yake na alikuwa anakunywa chai. Mwenye hema kubwa alikuwa bibi mmoja aitwaye Yittu, mfupi, mwenye jicho moja lenye ukungu na ulimi usio na ukungu hata kidogo. Alimpokea Tuda kwa kumkamata mabega.

"Ndiye huyu aliyetia jiwe kwenye pikipiki?"

Tuda akamtazama Basu. Basu, aliyekuwa ametangulia kushuka na kusalimia, akatazama magunia.

"Ndiye mimi."

"Alhamdulillahi," Yittu akasema. "Nilidhani mwalimu ametoka kwa watu wanaojua kila kitu. Wale wawili wa mwanzo walijua kila kitu. Kaa, ule."

Wakala mkate wa moto kwa siagi ya kondoo, wakanywa chai yenye majani machungu ya shiba. Wajukuu wa Yittu walikuja mmoja mmoja kumbusu Tuda mkono, na wa mwisho, msichana mwenye meno mawili tu ya mbele, alimwekea kwapani mto alioutoa mgongoni mwa bibi yake mwenyewe. Yittu aliona akaguna kwa kuridhika. Walizungumza habari za mifugo, na mvua, na wana wao waliozikwa. Jua lilipoanza kuegemea, Basu akatikisa funguo.

Izza alikumbatia bibi yake kwa muda mrefu, akanusa shali yake, kisha akaitwa na sauti sita kwa mpigo akaenda.

Yittu alimsindikiza Tuda hadi kwenye gari na hakuachia mkono wa gauni lake.

"Utakuja tena lini?"

"Inshallah—"

"Hapana, hapana. Hiyo inshallah walimu wote wawili waliniambia. Taja siku kwanza, kisha inshallah uifuatishe." Akaushika ule mkono kwa nguvu zaidi. "Kondoo tutawanyoa baada ya wiki tatu. Mikono haitoshi, na hapa juu hakuna mzee mwenzangu wa kucheka naye. Njoo, dada yangu. Njoo ulale kwangu."